Jina la Wodi ya Watoto Kwemzizi

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana waliokuwepo wengi wao bado wanatembea kwa miguu yao wenyewe, palikuwa na shamba la mkonge liitwalo Kwemzizi. Kabla sijafika mbali, nawaambia jambo moja ili mkae kwa raha. Hadithi hii ina ubaya ndani yake, lakini waliotendewa ubaya huo leo wako salama. Wanakula, wanacheka, wanabishana. Tena wanabishana hasa! Ubishi wao ndio niliowaletea, mnisaidie kuumaliza.

Kwemzizi palikuwa na kambi za wafanyakazi, duka moja, shule, na hospitali ndogo ya kampuni. Daktari alikuwa mmoja tu, Daktari Gervas. Watu walimpenda. Mkata mkonge akichomwa mwiba jichoni, Gervas. Mama akishikwa na uchungu, Gervas. Mashine ya kiwanda ikimkata mtu kidole, Gervas. Msibani alikuwa wa kwanza kufika. Idi na Krismasi alikula majumbani mwa watu bila kubagua, na akishiba alisifia mpishi.

Mtoto akiumwa, mama yake alimpeleka. Nesi aliita jina mlangoni, mtoto akaingia, na daktari akamwambia mama kwa sauti ya upole, "Subiri nje, mama. Akikuona atadeka." Mama akasubiri nje. Mlango ukafungwa.

Yaliyofanyika ndani sitawasimulia. Mjue tu kwamba kwa baadhi ya watoto daktari yule aliweka mikono mahali ambapo hakustahili kuiweka, akasema ni matibabu, na akawaambia wakifungua midomo mama zao watakosa dawa. Mtoto gani anataka mama yake akose dawa? Wakanyamaza.

Isipokuwa mmoja.

Huyo aliitwa Nakijwa, binti wa mpima mizani, mwenye miaka tisa. Alipelekwa kwa homa. Alipotoka, viatu vyake alikuwa amevishika mkononi. Akasimama mbele ya foleni nzima ya kina mama na watoto, akasema kwa sauti ambayo hata walio mwisho wa foleni waliisikia: "Mama, daktari ananishika vibaya. Mimi humu sirudi."

Mama yake akanyanyua mkono, akamzaba kofi la mdomo.

"Mtoto huna adabu! Mikono ya huyu baba ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa!"

Habari ikafika kwa meneja wa shamba. Meneja akamwita baba yake Nakijwa, akasema mtoto aombe radhi. Nakijwa akasimamishwa mbele ya daktari, baba upande huu, meneja upande ule.

"Sema nimekosa."

"Sikukosa."

"Nakijwa, sema nimekosa, twende nyumbani."

"Baba, sikukosa."

Hakusema. Baba yake akaondolewa kwenye mizani, akapelekwa kukata mkonge. Familia ikahamishiwa kambi ya mwisho kabisa, ambako maji yalikuwa mbali. Na tangu siku ile, Nakijwa akipita, watoto wenzake waliimba, "Nakijwa muongo, Nakijwa muongo." Waliimba mpaka wakakua, na walipokua wakaacha kuimba wakabaki kuita tu, kama vile ni jina la ukoo.

Sasa turudi kwenye foleni. Nyuma ya Nakijwa siku ile alikuwepo mtoto mwingine, mdogo kidogo kwake, aitwaye Mwanjaa. Alikuwa na jipu mguuni. Maneno ya Nakijwa aliyasikia. Mama yake pia aliyasikia. Lakini jipu lilikuwa linauma na daktari alikuwa mmoja. Nesi akaita, "Mwanjaa!" Mwanjaa akamtazama mama yake. Mama akatazama chini. Mwanjaa akaingia.

Alikuwepo na wa tatu, ingawa siku hiyo hakuwa kwenye foleni. Huyu alikuwa mvulana, Mhina, mtoto wa kiwandani, mgonjwa wa pumu. Kila masika kifua kilimbana, na kila kilipombana alipelekwa kwa Daktari Gervas. Yeye hakumwambia mama, hakumwambia baba, hakumwambia rafiki. Alidhani ni yeye peke yake. Alidhani pia kwamba mvulana jambo kama hilo halimpati, kwa hiyo akajiuliza yeye ni nini.

Na nesi? Nesi aliitwa Perpetua. Alikuwa msichana aliyetoka chuoni majuzi. Siku ya kofi alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Jioni alikwenda ofisini kwa meneja, akasema, "Mzee, mtoto yule hasemi uongo. Nimewaona watoto wanavyotoka mle ndani."

Meneja akamtazama. "Wewe umekuja juzi. Unataka kazi, au unataka maneno?"

Perpetua alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake nyumbani wanaomtegemea. Alitaka kazi. Asubuhi iliyofuata akasimama mlangoni, akaita majina. Kesho yake akaita majina. Miaka yote aliyokaa Kwemzizi aliita majina.

Basi wakakua. Kampuni ikabadilisha wakubwa. Nakijwa akaolewa, akabaki pale pale Kwemzizi akiuza mitumba sokoni. Mhina akafungua karakana ya baiskeli karibu na kituo cha mabasi. Perpetua akastaafu, akahamia kwa dada yake wilaya nyingine. Mwanjaa akasoma, akawa mpima ardhi wa halmashauri mjini. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya wenye mashamba makubwa na kuwaambia mpaka wao unaishia wapi. Wengi walimwogopa, na yeye hakujali kuogopwa.

Na Daktari Gervas? Alistaafu kwa sherehe na ngoma. Kisha akahamia mjini, akafungua kliniki. Kliniki ya watoto.

Mwanjaa hakujua. Mpaka asubuhi moja alipokutana njiani na jirani yake kambeba mtoto mgongoni.

"Unakwenda wapi, jirani?"

"Nampeleka huyu, masikio yanamuuma. Kuna mzee mmoja, Daktari Gervas, mpole huyo! Wanasema hata mama hana haja ya kuingia."

Mwanjaa akamshika jirani mkono, katikati ya barabara.

"Usiende."

"Kwa nini?"

Mpima ardhi yule aliyezoea kusema na matajiri akaishia kumrekebisha mtoto kofia. "Usiende tu. Twende hospitali kubwa, nakupeleka mimi mwenyewe."

Akampeleka. Mtoto akatiwa dawa ya masikio. Lakini Mwanjaa aliporudi nyumbani hakuweza kula. Alifikiria mama wote waliokuwa wanasubiri nje ya mlango ule mpya. Jumamosi akapanda basi kwenda Kwemzizi.

Nakijwa alikuwa sokoni, mbele ya lundo la nguo, anakunja.

"Karibu, mteja. Blauzi hizo zimefunguliwa leo."

"Dada Nakijwa, wewe hunijui. Siku ile ulipotoka kwa daktari, mimi ndiye niliyeitwa baada yako."

Nakijwa akaendelea kukunja blauzi. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Ikawaje?"

"Hukusema uongo, dada."

Nakijwa akakaa juu ya robota la mitumba. Akalia, mbele ya wateja, mbele ya wauza nyanya, bila kujifunika uso. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Alipomaliza kulia akajifuta kwa ile ile blauzi, akamtazama mgeni, akasema, "Umekula, wewe? Umetoka mjini na njaa, au?"

Wakala wali na maharage kwa mama ntilie. Na walipomaliza kula walikuwa wameshakubaliana kwenda kwa wakili.

Wakili mwenyewe alikuwa Eliaika, mama mmoja aliyesaidia watu wasio na uwezo katika chumba kidogo chenye feni iliyokuwa ikipiga kelele. Aliwasikiliza mpaka mwisho, hakuwakatiza hata mara moja. Nakijwa alikuwa hajazoea hilo, akawa anasimama kila baada ya maneno machache kungoja akatizwe. Kisha wakili akasema:

"Njia zipo tatu. Ya kwanza ni polisi. Hiyo ni jinai. Kosa la namna hii alilotendewa mtoto halifutiki kwa sababu miaka imepita. Mahakama ikiwaamini, mtu anafungwa. Lakini wakili wake atawaambia mmesahau, mmeota, mmetumwa. Ya pili ni baraza linalosimamia madaktari. Lile halifungi mtu, ila linaweza kumnyang'anya leseni asiguse mtoto mwingine, na mara nyingi huenda haraka kuliko kesi. Ya tatu ni madai. Mnamdai yeye, na mnaidai kampuni iliyomwajiri, kama ilijua ikanyamaza. Huko ndiko kwenye fidia. Ila madai yana muda wake. Kwa mtoto, muda unaanza kuhesabiwa anapokuwa mtu mzima, na nyinyi umeshawapita. Kuna kuomba kuongezewa. Sababu lazima iwe nzito, na mnaweza kukataliwa."

"Tuchague ipi?" Mwanjaa akauliza.

"Si lazima iwe moja. Na si lazima mchague yoyote. Mkitoka hapa mkaenda zenu nyumbani, hakuna atakayewalaumu. Mimi sitawalaumu."

Nakijwa akasema, "Mimi naanza polisi. Nilishasema mara moja nikapigwa kofi. Safari hii nataka niandikiwe maelezo."

Mwanjaa akasema, "Mimi nachukua madai. Kampuni ile ilijua. Watu walihamisha familia nzima halafu waseme hawakujua?"

Na ile ya pili, ya baraza, wakaipeleka wote wawili siku hiyo hiyo, kwa kuwa kliniki ilikuwa wazi na watoto walikuwa wanaingia.

Daktari Gervas akalijibu baraza kwa utulivu. "Hao ni wanawake wawili wa kambi moja. Mmoja tangu utotoni anajulikana kwa uongo, ulizeni Kwemzizi nzima. Wamekutana, wametunga." Baraza likauliza: yupo mwingine? Mtu asiyefahamiana na hawa?

Hakuna aliyejitokeza. Kliniki ikabaki wazi.

Kule Kwemzizi habari ilienea, na watu wakapata cha kuzungumza. Kwenye karakana ya baiskeli ya Mhina walizungumza asubuhi hadi jioni, na Mhina alikuwa anakaza njugu za magurudumu bila kunyanyua kichwa. Siku moja bwana mmoja aliyekuja kujaza upepo akasema kwa kejeli, "Wanatafuta hela tu hao. Kama ni kweli, mbona watoto wa kiume hawajalalamika?"

Watu wakacheka. Mhina akaweka spana chini.

"Mtoto wa kiume ni mimi."

Kicheko kikakatika.

"Mimi hapa. Nilikuwa na pumu, nilipelekwa kila masika. Haya, chekeni."

Bwana wa upepo akaondoka na tairi lake lililojaa upepo nusu. Mhina akafunga karakana mchana kweupe, akaenda nyumbani. Mkewe, Mama Hoza, alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka.

"Nimesikia," akasema mkewe.

"Umesikia kwa nani, sasa hivi hivi?"

"Kwa muuza mkaa. Ningependa kusikia kwako, lakini basi, nimesikia."

Mhina akasimama pale, hajui pa kuweka mikono. Mkewe akajisogeza upande mmoja wa mkeka. Mhina akakaa. Mkewe akammiminia chai, na hapo ndipo alipoelewa ni kwa nini mume wake hakuwahi hata siku moja kumpeleka mtoto wao hospitali.

Baadhi ya wateja wakahamisha baiskeli zao kwa fundi mwingine. Lakini wakaanza kuja wateja wa aina nyingine. Alikuja dereva wa lori na baiskeli isiyo na pancha, akasema ina pancha. Mhina akaigeuza, akaitazama, akamtazama mwenyewe. "Vuta kiti," akamwambia. Akaja mwalimu. Akaja mke wa mchungaji. Baiskeli nzima kabisa, wanasema ina pancha. Na kila mmoja Mhina alimsikiliza, kisha akampa namba ya Wakili Eliaika, ambayo alikuwa ameshaitafuta mwenyewe.

Mhina akaenda mbele ya baraza la madaktari. Hakumjua Nakijwa kwa karibu, na Mwanjaa hakuwahi kumwona. Akasema yake. Nyuma yake wakasema na wengine. Baraza likamfutia Gervas leseni, na kliniki ikafungwa kwa kufuli hata kesi haijaanza kusikilizwa. Mtoto mwingine hakuingia mle.

Kisha ikaja jinai. Kesi ilisikilizwa faragha, watu wakiwa nje. Wakili wa daktari akamgeukia Nakijwa.

"Kule Kwemzizi watu walikuwa wanakuita nani?"

"Muongo."

"Kwa nini walikuita hivyo?"

"Kwa sababu nilisema nilichofanyiwa nikiwa na miaka tisa, na hakuna mtu mzima aliyetaka kiwe kweli."

Alibanwa siku nzima. Akaambiwa ameota. Akasema, "Sikuota." Akaambiwa ametumwa. "Sikutumwa." Kisha akaitwa shahidi aliyefuata, na aliyeingia alikuwa mama yake, mzee sasa, anatembea kwa mkongojo.

"Mtoto aliniambia siku ile ile," mama yule akaiambia mahakama. "Aliniambia mbele ya watu. Nikampiga. Mkono wenyewe ni huu."

Gervas akatiwa hatiani, akafungwa. Nje ya mahakama mama alitaka kupiga magoti, magoti yakakataa. "Nilikupiga na haki ilikuwa yako," akasema.

Nakijwa akamshika kwapani. "Mama, utaanguka bure. Twende kwenye kivuli." Na pale kivulini mama na mwana walikaa muda mrefu. Waliongea nini mimi sijui, lakini waliowaona wanasema mara walilia, mara walicheka, na walipopanda basi walikuwa wameshikana mikono kama wasichana.

Yakabaki madai. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kuchosha kuliko zote, na Mwanjaa aliitembea. Aliomba kuongezewa muda kwenye ofisi ya serikali. Akaambiwa sababu hazijitoshelezi, aandike upya. Akaandika upya. Akaambiwa angoje. Akangoja, akaulizia, akarudi, akaulizia, mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wanamsalimia kwa jina. Wakamkubalia. Kampuni nayo ikajibu kwa sentensi moja: sisi hatukujua.

Nani angethibitisha kwamba ilijua? Meneja wa zamani alikuwa amekufa.

Mwanjaa akamfuata Nesi Perpetua. Alimkuta kwa dada yake, anapepeta maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Mwanjaa, wa Kwemzizi."

"Marahaba." Perpetua akauweka ungo chini. "Mwanjaa. Ulikuwa na jipu."

Mwanjaa akahisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Huyu mtu alikuwa anakumbuka! Alitaka kugeuka aende zake. Lakini alikuwa amekuja kutafuta shahidi, akabaki.

Wakili Eliaika alimweleza Perpetua bila kumficha: akisimama mahakamani ataulizwa kwa nini alinyamaza, na watu wa kampuni watajaribu kumtupia mzigo wote yeye. Perpetua akaja. Akala kiapo. Akasema, "Nilimwambia meneja jioni ile ile. Akanijibu nichague kazi au maneno. Nikachagua kazi. Baada ya kujua, niliendelea kuwaita watoto kwa majina yao, na wakaingia." Akarudia alipoulizwa. Akarudia tena alipoulizwa kwa ukali. Hakumsingizia mtu na hakujipunguzia lawama.

Kampuni ikasalimu amri. Ikawalipa fidia wote waliojitokeza. Ikaomba radhi hadharani, kwenye kiwanja cha mpira cha Kwemzizi, kwa kipaza sauti, na jina la Nakijwa likatamkwa pamoja na maneno haya: "alisema kweli." Na kwa matakwa ya walalamikaji, kampuni ikajenga wodi mpya ya watoto. Milango ina vioo. Kila chumba kina kiti cha mzazi, ndani, karibu na kitanda, na kimefungwa sakafuni kwa skrubu ili asiwepo wa kukitoa.

Sasa ndipo tunapofika kwenye ubishi. Makubaliano yalisema wodi ipewe jina la mtu mmoja kati ya waliopigania haki hii, na walalamikaji wenyewe wachague. Mmoja, si wawili. Siku ya kufungua, pilau ilishaiva, watoto walishavaa vizuri, na Fundi Kibwana, mchora mabango, alishapanda ngazi na kuandika juu ya mlango: WODI YA WATOTO. Akageuka, brashi mkononi.

"Haya, jamani. Ya nani?"

Mama yake Nakijwa akawa wa kwanza. "Ya mwanangu! Kabla hajasema yeye, nani alisema? Alikuwa mtoto, peke yake, mbele ya watu wazima. Akapigwa, hakukana. Akahamishwa, hakukana. Akaitwa muongo, hakukana. Na ndiye aliyemfikisha mtu yule gerezani. Andika Nakijwa!"

Watu wakapiga vigelegele. Fundi akachovya brashi.

"Ngoja, fundi!" Huyo alikuwa yule dereva wa lori. "Dada Nakijwa namheshimu. Lakini aliposema yeye, mimi nilibaki kimya. Alipokwenda polisi, mimi nilibaki kimya. Mhina aliposema 'ni mimi', mbele ya watu wanaocheka, hapo ndipo nilipopata mdomo. Na kliniki ilifungwa kwa neno lake. Watoto wa jana mmoja alimfungisha aliyewatenda, mwingine aliwadaia fidia, lakini watoto wa kesho aliyewaokoa ni yeye. Andika Mhina."

Mhina akaangalia viatu vyake. Mama Hoza akamsukuma kwa kiwiko, "Simama wima, wanakusifu."

Mwanjaa akacheka, akasema, "Wengine wanasubiri wasemewe. Mimi najisemea. Nalitaka jina hilo! Nani aliyepanda basi kuja kumtafuta mwenzake? Bila basi lile hakuna polisi, hakuna baraza, hakuna Mhina. Na matofali haya mnayoyaegemea yametoka kwenye madai niliyoyahangaikia nilipoambiwa muda umepita. Niandike mimi, mwanangu apite hapa asome."

"Amesema haki," wakasema kina mama wa mjini, na jirani yake yule wa masikio akapiga makofi kuliko wote.

Fundi akauliza, "Nimwandike mpima ardhi?"

"Bado," akasema Nakijwa. Watu wakamgeukia. "Mnasema mimi nilikuwa jasiri. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikujua kusema kweli kunagharimu nini. Mama Perpetua alijua. Alikuja mbele ya dunia nzima kusema aibu yake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Sisi tulisema tuliyotendewa. Yeye alisema aliyoyatenda. Na bila yeye kampuni ingeapa mpaka leo kwamba haikujua. Mimi namtaja yeye."

"Dada!" Mwanjaa akaruka. "Huyu aliita jina langu! Baada ya kukusikia wewe, aliita jina langu, nikaingia! Leo jina lake liandikwe juu ya mlango wa watoto?"

"Aliliita, ndiyo. Na alipoulizwa alikiri. Wakubwa wangapi wa kampuni walikiri bila kubanwa?"

Perpetua alikuwa amekaa kwenye benchi, sahani ya pilau mapajani. Wakamuuliza yeye anasemaje.

"Sikuja kutafuta jina," akasema. "Mwanjaa akisema hapana, ana haki ya kusema hapana. Lakini nikisema nisingefurahi, nitakuwa nimerudia tabia ya kuficha mambo."

Mwanjaa akamtazama. Akaenda kwenye sufuria, akachukua kipande kikubwa cha nyama, akaja akakitia kwenye sahani ya Perpetua, akarudi kukaa mahali pake. "Nyama nakupa," akasema. "Jina bado nabisha."

Watu wote wakaangua kicheko, Perpetua naye akacheka, na ubishi ukaanza upya kwa nguvu. Wakabishana wakila. Wakabishana wakinawa. Watoto wakaingia wodini, wakavikalia viti vya wazazi na kujaribu kuving'oa, havikung'oka.

Fundi Kibwana yuko juu ya ngazi, rangi inaanza kukauka kwenye kopo. Ameacha nafasi ya jina moja. Wapo wanaosema Nakijwa, aliyesema kwanza na hakukana. Wapo wanaosema Mhina, aliyesema mbele ya kicheko na mlango wa hatari ukafungwa. Wapo wanaosema Mwanjaa, aliyewatafuta wenzake na kuipata wodi yenyewe. Na wapo, si wengi, lakini wapo, wanaosema Perpetua, aliyechelewa, kisha akaja.

Mimi nimewapa yote niliyoyajua, sikubakiza. Sasa mwambieni fundi, kabla brashi haijakauka mkononi mwake: kati ya hawa wanne, je, nani alistahili?